Uzoefu wangu na kipimo cha wingi wa virusi vya UKIMWI kwenye damu (HVL), CD4 peke yake haikunitosha

Nilianza dawa za kufubaza VVU 2019 kwenye CTC (kliniki ya huduma za VVU) moja hapa Mbeya. Siku hiyo CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga, ilitoka 164, mi sikuelewa kitu ila nikaona nesi kabadilika sura, akanieleza chini ya 200 kinga imeshuka sana, basi nikapimwa TB na wale fangasi wa ubongo, nikaongezewa na septrin ya kuzuia magonjwa nyemelezi. Nashukuru hawakunikuta na kitu.

Miezi 6 baadae ndo nikapimwa HVL, haijagundulika, yaani virusi ni vichache mpaka kipimo hakivioni, nililia pale pale.

Sasa sikilizeni hii, 2021 CD4 ilikua imepanda mpaka 310 na mwili umerudi, nikajua niko vizuri, mara HVL ya mwaka inakuja nakala 2,300 za virusi kwa mililita ya damu. Yule dada mshauri akaniuliza taratibu tu, "mama, dawa unakunywa kila siku?" Ukweli nilikua naenda Tunduma kufata mzigo, tunalala wanne chumba kimoja na wenzangu hawajui hali yangu, so dawa nilikua naziacha nyumbani siku 3, 4, halafu narudi naendelea kama kawaida. CD4 haikuonyesha hata dalili jamani! Inachelewa, virusi vinapanda kwanza kinga inashuka baadae, na hata mafua tu yanaweza kuishusha ukababaika bure. HVL ikifika zaidi ya 1,000 hawakimbilii kukubadilishia dawa, kwanza unakaa vikao vya ushauri, unameza vizuri, unarudia kipimo baada ya miezi 3. Nikahamishia vidonge kwenye kopo la vitamini, nikarudia, haijagundulika, na mpaka leo iko hivyo.

Huduma ni bure na damu wanatoa mkononi kama kawaida. Kilichoniudhi ni majibu, sampuli inaenda maabara kubwa, yale ya 2,300 nilisubiri wiki 7 kila nikiuliza naambiwa bado, kumbe yako kwenye faili langu na hakuna aliyefungua. Wiki 7 naendelea kuruka dawa sijui kitu, hapo virusi vinaweza kujenga usugu wa dawa kabisa. Siku hizi siondoki dirishani mpaka wafungue faili mbele yangu, na namba naiandika mwenyewe kwenye simu pamoja na tarehe niliyotoa damu.