Sekretaria za Bukavu na karatasi za milimani: anayeijua Bushi, nchi ya Washi, na anayechapa tu

Mtu anayeshuka kutoka Kabare, Walungu au Kalehe kutafuta karatasi mjini hakawii kufika kwenye sekretaria publiki: kibanda chenye kompyuta moja au mbili, printa, mashine ya fotokopi na bango la kuchapa barua. Viko Ibanda, Kadutu na Bagira, komini za Bukavu, hasa karibu na ofisi na masoko. Hapa hatuhukumu kibanda kimoja kwa jina. Tunapima kazi yenyewe kwa upande wa mteja wa kijijini, kwa sababu kwake yeye herufi moja iliyokosewa ni safari nyingine ya kupanda na kushuka.

Kwa kazi za mjini hatuna lawama. Barua ya kuomba kazi, CV, kazi ya mwisho ya mwanafunzi, fotokopi za kitambulisho: vinatoka haraka na safi. Ugumu unaanza pale fomu inapodai asili ya mtu, na Kongo hakuna fomu isiyodai asili.

Mlolongo ni huu: jimbo, teritwari, sheferi au sekta, grupema (vijiji kadhaa chini ya mkuu mmoja), kijiji. Kivu Kusini ina teritwari nane: Fizi, Idjwi, Kabare, Kalehe, Mwenga, Shabunda, Uvira na Walungu. Kabare ina sheferi mbili, Kabare na Nindja. Walungu ina Ngweshe na Kaziba. Kalehe ina Buhavu na Buloho. Idjwi ina Rubenga na Ntambuka. Teritwari inaongozwa na administrateri aliyeteuliwa na Serikali, na kwa sheria ni tawi tu la Serikali. Sheferi, ambayo wengi tunaiita usultani, iko chini ya mwami anayetokana na mila, nayo ina haki zake kisheria, kasha lake na kodi zake. Sekta ina hadhi hiyo hiyo, ila inakusanya jamii kadhaa zenye mila tofauti, kama Itombwe kule Mwenga. Mchapaji asiyejua tofauti hii anaweza kumwandikia administrateri jambo ambalo daftari lake linakaa kwa mwami. Barua inapokelewa, inalala.

Mitego ya majina ni mingi. Kabare ni teritwari na ni sheferi pia, kwa hiyo jina linajazwa mara mbili, na kuacha nafasi moja wazi kwa kudhani ni marudio ni kosa. Walungu ni teritwari, tena ni grupema ndani ya Ngweshe. Mtu wa Kavumu atasema “mimi wa Kavumu”, lakini Kavumu ni senta, yaani mji mdogo tu, grupema yake ni Bugorhe. Wa Katana, grupema ni Irhambi-Katana. Kamanyola ndiyo inayowapotosha wengi: kwa kuwa iko chini kwenye bonde la Ruzizi, wachapaji huiandika Uvira, kumbe ni grupema ya Ngweshe, teritwari ya Walungu. Mumosho nayo, kusini ya mji, ni ya Kabare.

Sekretaria nzuri huuliza kutoka chini kwenda juu: “Mama, kijiji gani? Grupema gani? Mwami wenu ni nani?” Hilo swali la mwisho linaokoa kazi nyingi. Mzee anaweza asijue maana ya “collectivité” iliyochapwa kwenye fomu ya zamani (ndiyo sheferi au sekta ya leo), lakini mwami wake anamjua vizuri. Fomu za enzi ya Zaire zina pia neno “zone”, ambalo leo ni teritwari, na “région”, ambalo ni jimbo. Karatasi za kabla ya 1988 zinasema Kivu peke yake, kwa sababu mwaka huo ndipo Kivu ilipogawanywa kuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Mchapaji asirekebishe nakala ya karatasi ya zamani ili ifanane na ya leo. Anakili ilivyo, na mpangilio wa leo unaandikwa kwenye barua mpya.

Tukija kwa lugha, kazi nyingi zinaharibikia hapa. Mteja anaeleza kwa Mashi au Kihavu, lugha za huko milimani, mchapaji anauliza kwa Kiswahili, karatasi inatoka kwa Kifaransa. Mashi ina maandishi yake: “c” kama katika Cirunga, na “rh” kama katika Irhambi, Burhinyi, Karhongo na Bugorhe. Asiyeijua anaandika “Tshirunga” au “Burinyi”. Luhwindja inatokea pia kama Luhwinja, Nindja kama Ninja. Kwa majina ya watu ni vibaya zaidi: baba ana Cirhuza kwenye kadi ya mpigakura, mtoto anapewa Tshiruza kwenye karatasi ya hospitali, na siku ya kudai urithi au kuandikishwa shuleni mtu wa ofisi anasema hao si baba na mtoto. Kadi ya mpigakura ndiyo inayotumika kama kitambulisho cha muda nchini, basi herufi zilizo juu yake ndizo za kufuata, hata kama mwenyewe anatamka tofauti. Mpangilio pia una uzito: jina, postnomu (jina la pili), prenomu (mara nyingi la ubatizo). Wengi walioandikishwa baada ya 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, hawana prenomu kwenye karatasi zao za kwanza. Mchapaji asiwape ya ubatizo kwa hisani.

Sekretaria inayostahili sifa kamili ina mambo mawili hapa. Kwanza, mmoja wa wafanyakazi anasema Mashi na anamsomea mteja karatasi nzima kwa sauti kabla ya kuichapa kwenye karatasi ngumu. Pili, programu ya kuandika imezimwa masahihisho ya Kifaransa yanayojifanya yenyewe, maana kompyuta hubadilisha jina isilolijua na mchapaji mwenye haraka haoni.

Vyeti vya kuzaliwa ndivyo vinavyowaleta wengi. Karatasi inayotolewa na hospitali au kituo cha afya inathibitisha kwamba mtoto amezaliwa hapo, basi. Cheti chenyewe kinaandikwa na ofisa wa etasivili (ofisi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo) kwenye sheferi, sekta au komini. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inatoa siku 90 za kutangaza kuzaliwa, na ndani ya muda huo kutangaza ni bure. Sekretaria inayochukua pesa ya “cheti” ikarudisha karatasi yenye muhuri wa kuchonga barabarani inaharibu maisha ya mtoto, na ikimbiwe. Siku 90 zikipita, njia ni ombi kwa Mahakama ya Watoto ili itoe “jugement supplétif”, yaani hukumu ya kuziba pengo la cheti, kisha karatasi ya kuonyesha hakuna aliyekata rufaa, ndipo etasivili inanakili hukumu kwenye daftari. Sekretaria inaweza kuchapa ombi. Haiwezi kutoa hukumu. Tena, tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, mahakama za Serikali hazifanyi kazi kama zamani. Ulizia kwanza mahakama yenyewe kabla ya kulipia ombi.

Sasa mashamba, na hapa tunaomba msomaji asiwe na haraka. Vibanda vingi vina mfano mmoja wa mkataba wa kuuza, ulioandikwa kwa ajili ya parseli (kiwanja) ya mjini: avenyu, namba, kata, komini. Anayetoka Bushi kuandikisha mkataba wa shamba la mlimani anajaziwa mfano huo huo. Ni hatari. Kwa mila ya Bushi, kalinzi ni haki ya kudumu juu ya ardhi, inayopatikana kwa kumtolea mwami au mkubwa wa mahali malipo ambayo zamani yalikuwa ng'ombe, na inarithiwa. Bwasa ni ruhusa ya kulima kwa muda, mara nyingi msimu mmoja, mazao ya muda mfupi tu. Mwenye bwasa hapandi migomba wala kahawa, kwa kuwa mti wa kudumu ni dai la kudumu. Mchapaji akiandika “ameuza” mahali pa bwasa, amezalisha kesi ya miaka. Akiandika “amekodisha” mahali pa kalinzi, amemnyang'anya mtu urithi wake kwa sentensi moja.

Mkataba wa shamba la mlimani unapaswa kutaja wazi ni kalinzi, bwasa au mauzo, kisha mipaka kwa vitu vinavyoonekana (kijito, njia, ua wa miti, shamba la nani juu na la nani chini), kijiji na grupema, majirani kama mashahidi, na nafasi ya saini ya mkuu wa kijiji na wa grupema. Na isisahaulike kwamba sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo wote ni wa Serikali. Karatasi ya kienyeji inasaidia mbele ya mwami na majirani, lakini haigeuki hati ya umiliki.

Barua za ofisini nazo zina adabu yake. Barua kwa mwami inapita kwa mkuu wa grupema, na hilo linaandikwa juu: “S/C” (sous couvert, yaani kupitia kwa). Chini ya “Concerne” (yahusu) weka jambo moja tu. Wanaopewa nakala wanatajwa kwa mpangilio wa cheo, kuanzia mkubwa. Toa nakala moja zaidi ya wanaopelekewa, igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Bila hiyo huna cha kuonyesha kwamba uliandika.

Kuhusu mashine: dai printa ya leza. Wino wa maji unayeyuka mvua ikigusa karatasi, na milimani mvua haikosi. Ila leza hula umeme mwingi inapopasha moto, ndiyo maana jenereta ndogo huzima katikati ya ukurasa. Umeme ukikatika, vibanda vingine hurudi kwenye wino wa maji bila kumwambia mteja. Lowesha kidole, gusa kona ya karatasi ya majaribio, utaona. Usikubali cheti kifungwe kwenye plastiki ngumu: ofisi ikitaka kugonga muhuri juu yake haitaweza. Mfuko wa plastiki unaofunguka unatosha.

Bei kubalianeni kwa ukurasa kabla ya kuanza, na mkubaliane kwamba kosa la mchapaji linasahihishwa bure. Mwishoni omba faili kwenye flashi yako au itumwe kwenye simu ya kijana wa nyumbani. Jina likikataliwa huko Kabare, kibanda chochote kitalirekebisha bila kuchapa upya ukurasa mzima.