Linux ipi kwa laptopu ya ex-UK? Angalia kadi ya waifai kwanza

Tangu Microsoft waache kuisapoti Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, inboksi yangu ni kilio kitupu. Mtu kanunua laptopu ya ex-UK, ilotumika Uingereza kisha ikaletwa kuuzwa huku, hapa Mombasa mjini, yang'aa, kibodi safi, avuka nayo feri mpaka Likoni, kujaribu kuweka Windows 11 inamkatalia, kwa sababu wataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na kama prosesa ni Intel basi kwa kawaida iwe kizazi cha 8 kwenda juu, na hizi zinazopangwa madukani nyingi ni kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Mashine nzima kabisa, haina ubovu wowote, ati imepitwa! Mimi jibu langu ni Linux, mfumo unaokaa mahali pa Windows na wenye aina nyingi, na sitaki kurudia habari ya virusi na kwamba ni ya bure, hayo mwayajua.

Ambalo hamwambiwi ni kadi ya waifai. Laptopu kibao za HP na Dell za miaka ile zimetiwa kadi ya Broadcom, kama BCM43142, ambayo draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, ni mali ya kampuni, si huria, kwa hiyo mifumo mingi haiji nayo tayari. Wamaliza kuweka mfumo, sauti ipo, skrini safi, waifai hakuna, na hiyo draiva yenyewe iko wapi? Iko kwenye intaneti! Hapo ndipo watu husema Linux mbovu wakamrudia fundi, na shida ni kadi tu.

Kwa hiyo nenda dukani na flashi ya 8GB ilokwisha andikwa Linux, uwashe nayo laptopu kabla hujalipa, haigusi diski. Bofya alama ya mtandao kule kwenye kona. Ukiona majina ya waifai za majirani, lipa. Usipoona, andika lspci kwenye teminali, lile dirisha la kuandikia amri, usome ni kadi ya nani, ikiwa Intel huwa haina maneno.

Namba moja kwangu ni Linux Mint na sifichi, naipenda. Hiyo draiva ya Broadcom imo mle mle kwenye flashi, wafungua Driver Manager, yaichukua bila intaneti, kwisha. Hakuna nilokutana nayo inayomfikiria mtu wa bando namna hii. Toleo la 22 lasapotiwa mpaka 2029. Yaja kwa sura tofauti: RAM ya 4GB chukua Xfce, iliyo nyepesi, ya 8GB chukua Cinnamon, na apdeti hazijipakui ovyo, yakuonyesha wewe ndiye uamue.

Ya pili Ubuntu, mama yake Mint. Nzuri, msaada wake umejaa kila mahali, ila zile programu za snap hujiapdeti zenyewe kimya kimya, na kama laptopu waipa intaneti kwa simu utaona bando limeyeyuka mchana na wewe hujafungua kitu. Kuna amri ya kuzisimamisha, snap refresh --hold, iandike siku hiyo hiyo.

Debian ni ya tatu. Tangu toleo la 12 la 2023 kisakinishi chake huja na fimwea, programu za ndani ya kadi zenyewe, za kadi nyingi, lakini hii Broadcom bado itakusumbua. Dawa ni kuchomeka simu kwa waya wa USB ushee intaneti, laptopu yaiona kama mtandao wa waya, washusha draiva.

Zorin, nayo Linux, yafaa kwa mzee alozoea sura ya Windows. RAM ya 2GB, jaribu Lubuntu, Ubuntu nyepesi.

Na hawa wauzaji jamani. Wakuuzia mashine, halafu wakutoza tena "pesa ya Windows", na hiyo Windows imevunjwa kwa kiactivator, leseni hakuna, antivairasi imezimwa ili isipige kelele, na M-Pesa yako na kazi za wateja wako zote mle ndani. Ukitoa flashi yako ya Linux ujaribu, waanza kukuharakisha, ati duka lafungwa. Duka gani lafungwa saa nane mchana? Na akikwambia ukiweka Linux waranti imekufa, mwambie akuandikie hilo kwenye risiti kabla hujatoa hata shilingi.