Bloku ya injini ya lori: fungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kabla ya kulipa

Malalamiko ninayopokea kutoka kwa wenye malori wa Changamwe, Jomvu na Miritini ni ya namna moja. Mtu amenunua injini ya mtumba yenye turbo, ameifunga, na kabla hajafika Voi oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia ndani yake. Dukani waliuliza nguvu za farasi, kilomita, na kama turbo ina mchezo. Laina, lile bomba ambalo pistoni hupanda na kushuka ndani yake, imekalia nini, hakuna aliyeuliza.

Basi nitakaa hapo. Katika injini za laina za maji, zile ambazo maji ya kupoza hugusa laina moja kwa moja, laina huegemea bega lililochongwa ndani ya bloku, na chini huzibwa kwa oringi, pete za mpira. Huku kwetu Mombasa rejeta hujazwa maji ya kisima, nayo mengi yana chumvi. Chumvi hula chuma pale pale oringi inapokaa. Utaweka laina mpya na oringi mpya na maji bado yatapita, kwa sababu kilicholiwa ni bloku yenyewe. Tena mlipuko ndani ya silinda huitikisa laina, viputo hupasukia ubavuni mwake na kuitoboa kutoka nje. Kulanti halisi, maji maalumu ya rejeta, ina dawa ya kuzuia hayo. Maji matupu hayana.

Chaguo langu la kwanza, wala sifichi mapenzi, ni OM457 ya Mercedes, ile ya Axor: silinda 6 kwa mstari, lita 12, bloku ya chuma cha kijivu. Chuma hiki hupitisha joto vizuri na huchongeka kwa urahisi, kwa hiyo bega lililolika linaweza kusawazishwa na kuwekewa ringi.

Zinafuata DAF MX ya lita 12.9 na MAN D26 ya lita 12.4. Chuma chao kina grafiti iliyoshikana. Kikivutwa hustahimili takriban robo tatu zaidi ya kile cha kijivu. Kwa turbo kali ndicho bora, sibishi. Ila ni kigumu kuchonga na hula visu vya mashine, kwa hiyo muulize fundi wako mapema kama anakiweza.

WD615 ya Howo, lita 9.7, ina laina kavu, isiyoguswa na maji. Haina balaa hili la oringi. Kwa kokoto za mjini inatosha. Alumini waachieni magari madogo.

Sasa, fungueni sampu. Mulika chini ya kila laina: mchirizi mweupe au wa kutu ukiuona, ondoka. Kama hedi, kifuniko cha juu cha silinda, ingali imefungwa, zibeni njia za maji, jazeni upepo, mpake sabuni chini ya laina mtazame mapovu. Hedi ikiwa imetolewa, pimeni kama laina zote zimechomoza sawasawa juu ya uso wa bloku.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Injini inaoshwa kwa dizeli, inapigwa rangi ya fedha, bei inapanda, kisha mteja anakatazwa kugusa bolti moja ya sampu eti “ataharibu gasketi”. Gasketi ya sampu ni bei gani mbele ya injini nzima? Mnunulieni muuzaji gasketi mpya, mfungue. Akikataa hata hivyo, mwambieni aandike kwenye risiti namba ya injini na ahadi ya kurudisha pesa maji yakiingia kwenye oili. Wengi hawataki kuandika hata hiyo namba.