Inuyasha: nimemaliza episodi zote 193 na aliyeniliza sio niliyemtegemea

Niseme kabisa mimi sio mtu wa anime, yaani hizi katuni za Kijapani. Mimi ni wa tamthilia za Kikorea na za Kituruki, zile mtu anamwangalia mwenzie dakika tano nzima na upepo unapeperusha nywele. Kwaiyo mdogo wangu aliponiletea flashi akaniambia dada angalia hii, kuna mapenzi na majini humohumo, nikamwambia katuni peleka kwa wanao. Akaniachia mezani. Jumapili moja umeme upo, bando limeisha, sina la kufanya, nikachomeka. Basi ndo ikawa hivyo, miezi minne.

Stori iko hivi. Kuna binti wa miaka 15 anaitwa Kagome, yuko Tokyo ya sasa hivi, kwao wanatunza hekalu la Kishinto. Siku ya bethdei yake anamfuata paka kwenye kibanda chenye kisima kikavu cha zamani, mara linatoka dude nusu mwanamke nusu tandu linamvuta ndani, akija kuibuka ni palepale kwao ila miaka kama 500 nyuma, kipindi ambacho Wajapani wanakiita Sengoku, vita kila kona na mayokai, yaani majini ya kwao, kila pori. Kwenye mti mkubwa anamkuta kijana mwenye nywele nyeupe na masikio ya mbwa kapigiliwa kwa mshale, kalala pale miaka 50. Huyo ndo Inuyasha. Baba jini mbwa, mama binadamu. Hata jina ndo linasema, inu ni mbwa na yasha ni aina ya pepo. Mama yangu aliyekuwa pembeni anachambua mchele kusikia steringi ni nusu mbwa akauliza, "Yaani majini yote yalivyo mengi huyo dada kaona wa kumpenda ndo mbwa?" Nilicheka mpaka nikasimamisha.

Alafu kuna johari inaitwa Shikon inayompa nguvu yeyote atakayeishika, Kagome kwa bahati mbaya anaipasua kwa mshale vipande vinaruka nchi nzima, kwaiyo safari yote ni ya kuvitafuta kabla wabaya hawajavipata. Hiyo ni sababu tu ya kuwatoa nyumbani, usiitilie maanani sana.

Kilichonikamata mapema ni hao mayokai wenyewe. Nilitegemea mashetani, yaani ubaya mtupu, kumbe wapo wa kila namna, wapo wala watu, wapo waoga, wapo wachekeshaji, wapo wenye koo zao na heshima zao, kuna Shippo mtoto wa mbweha anayejigeuza kwa kuweka jani kichwani, na anageuka vibaya mkia unabaki nje, kuna Kirara paka mwenye mikia miwili ambaye ni yokai wa hadithi za kale za kule, na kuna yule kiroboto mzee Myoga ambaye vita ikianza tu humuoni. Ukiwa umekulia Tanga huhitaji mtu akueleze haya. Sisi tumelelewa tukijua kuna jini mwema na jini mkorofi, kuna wenye dini yao, kuna anayekaa kwenye mbuyu na hamsumbui mtu mpaka umsumbue. Ndo maana nawashauri muangalie ya Kijapani yenye maandishi chini, maana ile ya sauti za Kiingereza karibu kila kiumbe wanakiita demon na ule utofauti wote unapotea. Alafu mti ule aliopigiliwa Inuyasha ni mti mtakatifu, na mti huohuo upo bado nyumbani kwa kina Kagome Tokyo baada ya miaka yote hiyo, akiwa na mawazo anaenda kusimama chini yake. Kila wakiuonyesha nilikuwa nakumbuka mibuyu yetu ile iliyofungwa vitambaa.

Na hiyo Shikon maana yake ni nafsi nne. Ni wazo la Kishinto kwamba roho ya mtu ina sehemu nne, ujasiri, upatanifu, hekima na upendo, zikiwa sawa mtu yuko sawa, zikienda kombo roho inaoza. Nilidhani ni maneno ya kupamba tu, kumbe ukifika mbele unaona kila mmoja kwenye stori amevurugikiwa na sehemu moja hapo.

Haya, mapenzi sasa. HAPA NAHARIBU UTAMU, kama hujaangalia ruka.

Watu wote mnaniambia Kagome na Inuyasha, Kagome na Inuyasha. Sawa, wananichekesha, ule mkufu aliovalishwa Inuyasha ambao Kagome akisema "Osuwari!" jamaa anapigwa chini puu ni kitu cha kuchekesha kweli, maana ndo neno wanalomwambia mbwa akae. Kwetu saivi hata wapwa zangu wanaambiana hivyo wakigombania rimoti. Na napenda kwamba Kagome ana maisha yake, anarudi kisimani kwenda kufanya mitihani, anarudi na baiskeli na ramen za pakti, zile tambi za supu, na jamaa kwa zile ramen ameshikika kuliko kwa mwanamke yeyote. Ila mimi moyo wangu uliibiwa na Kikyo.

Kikyo alikuwa miko, yaani mwanamke mtumishi wa hekalu, ndo mlinzi wa ile johari miaka 50 kabla. Alipendana na Inuyasha. Wakapanga jamaa aitumie johari awe binadamu kamili, johari ikitumika hivyo itaisha, na Kikyo naye atapumzika awe mwanamke wa kawaida kama wenzie. Ona basi hapo, hakuwa anaomba utajiri, alikuwa anaomba kawaida tu. Siku yenyewe adui anajigeuza sura ya Inuyasha anamjeruhi Kikyo, anajigeuza sura ya Kikyo anamshambulia Inuyasha, kila mmoja anaamini kasalitiwa na mwenzie, Kikyo anampiga mshale mtini na yeye anakufa siku hiyohiyo kwa jeraha. Na huyo adui chanzo chake ni jambazi mmoja aliyeungua mwili mzima, Kikyo mwenyewe ndo alikuwa anamuuguza pangoni. Wema wake ndo ulimuua.

Miaka 50 baadaye mchawi mmoja kikongwe anachukua mabaki yake na udongo wa kaburini anamfinyanga upya. Kwaiyo yule mnayemuita eksi asiyetaka kuondoka ni maiti ya udongo jamani, hajaomba kurudishwa, ana kipande tu cha roho na ili atembee inabidi aishi kwa roho za wanawake waliokufa. Na anamkuta mwanaume wake yuko na Kagome, binti ambaye ni yeye mwenyewe kazaliwa upya. We ungekuwa mpole? Nimesoma watu wanamtukana eti mchepuko. Mchepuko vipi na yeye ndo alikuwa wa kwanza! Mama yangu aliyekuwa anasema haangalii alilielewa hili kabla yangu, akaniambia huyo mtoto hajazikwa vizuri ndo maana anahangaika.

Na Inuyasha hapo anazingua, lazima niseme. Anatoroka usiku kwenda kumuona Kikyo alafu anarudi macho chini kama mtu aliyekula hela ya kodi. Kuna episodi Kagome anawakuta, anarudi kwao, anakaa anafikiria, na mwisho anaamua atakaa naye hivyohivyo akijua kuna mwingine moyoni. Nilikasirika siku mbili. Ila siku ya tatu nikakubali hawakumfanya mjinga, alijiuliza kwanza anataka nini ndo akarudi.

Mwandishi ni mwanamke, Rumiko Takahashi, na kabla ya tivii ilikuwa kitabu cha michoro, alikuwa anaiandika kwenye gazeti la vijana wa kiume, 1996 mpaka 2008, vitabu 56. Nadhani ndo maana vipigo na mapenzi vimebanana hivi.

Sasa mabaya. Ni ndefu kupitiliza! Ile ya kwanza ina episodi 167, na huyu adui Naraku kazi yake ni kukimbia, wanamkuta, wanapigana, anageuka moshi anasepa, episodi ijayo tena. Kuna katikati nilikuwa naangalia huku nakaanga samaki na sijakosa kitu. Wakija lile genge la mamluki saba waliofufuliwa, hapo imeshapita mia, ndo inaamka tena. Na Miroku yule mtawa mkware, anayeomba kila mwanamke amzalie mtoto na mkono hautulii, mwanzo unacheka, mara ya thelathini unataka Sango, yule binti mpiganaji wanayesafiri naye, amvunje huo mkono kabisa badala ya kumzaba kibao. Japo nikijua laana aliyonayo kiganjani, lile tundu linalovuta kila kitu na siku moja litamvuta na yeye, nilimsamehe kidogo. Sango mwenyewe na mdogo wake Kohaku sitaki hata kuanza, tutakesha.

Sesshomaru yule kaka yake Inuyasha najua mnamsubiri. Mzuri, baridi, hana habari na binadamu, mpaka siku anamkuta kale katoto Rin kameuawa na mbwa mwitu anakafufua kwa upanga alioona hauna maana. Wala hasemi kitu, anaondoka tu na kenyewe kanamfuata nyuma.

Jambo lingine mlijue kabla hamjaliwa hela kama mimi. Yule kijana aliyemjazia mdogo wangu flashi kwa elfu tano alimwambia "iko yote dada, full". Nimefika 167 hakuna mwisho! Naraku yupo, johari haijakamilika, wanatembea tu maandishi yanapanda. Nikaamini ndo imeisha hivyo, nikalala na hasira. Kumbe kwenye tivii ilisimama 2004 wakati kitabu bado kinaandikwa, wakaja kuimalizia 2009 mpaka 2010 kwa episodi 26 zinazoitwa The Final Act. Hiyo lazima uitafute kivyake. Na yenyewe inakimbia balaa, vitabu kama 20 wamevibana humo, mtu anakufa unafuta machozi kichwani wameshahama mji. Zipo na filamu nne, sio lazima. Ile ya watoto wao ya 2020 nimeangalia tatu nikaacha.

Kumi kwa kumi siipi. Nane, na hizo nane tano ni za Kikyo na muziki, maana zile filimbi zao za kienyeji zikianza tu najua leo silali.

Siku Kikyo anaondoka moja kwa moja ilikuwa saa saba usiku, nimejifunika shuka na simu, nalia kimyakimya nisimuamshe mtu. Asubuhi macho yamevimba, mama anakanda unga wa maandazi, akaniangalia akaniuliza, "Yule wa udongo kapumzika?"

Nikamwambia kapumzika mama, kafia mikononi mwa Inuyasha.

"Afadhali," akasema, "haya lete sukari."