Mwaka mmoja na betri ya lithiamu ndani ya Coaster yetu

Saa kumi alfajiri, tukiwa tumeegesha nje kidogo ya Iringa, friji yetu ilizima. Mlikuwa na maziwa na samaki, na hivyo ningeweza kuvitupa bila kinyongo. Lakini mlikuwa pia na akiba ya insulini ya mume wangu, ambayo kabla ya kufunguliwa inatakiwa ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Niliifunga kwa kanga iliyoloweshwa maji, nikakaa nayo mapajani mpaka kulipokucha, tukaikimbiza duka la dawa mjini wakatuhifadhia kwenye friji yao. Siku hiyo niliamua kwamba habari ya betri nitaijua mwenyewe, hata kama kazi ya mikono ataifanya fundi.

Gari letu ni Coaster ya zamani yenye injini ya 1HZ, iliyowahi kubeba wanafunzi. Tulitoa viti, tukaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji, friji ndogo ya volti 12 na paneli mbili za wati 200 juu ya paa. Coaster inajiwasha kwa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Upande wetu wa makazi unatumia volti 12 na una betri zake. Hizo ndizo ninazozizungumzia hapa, na nyumbani tunaziita betri za ndani. Zilikuwa mbili za jeli, kila moja imeandikwa Ah 200 (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), zina umri wa miaka mitatu.

Fundi wa kwanza alizitazama, akasema, "Mama, hizi zimekwisha, leta nyingine kama hizi." Huenda ningemsikiliza. Kilichonizuia ni hesabu: betri ya jeli ikitunzwa haitakiwi kufa ndani ya miaka mitatu ya safari za hapa na pale. Nikataka kwanza kujua kilichoziua, maana hicho kingeua na mpya.

Nilizitenganisha, nikazichaji kila moja mpaka ikajaa, nikaziacha usiku kucha bila kuunganishwa na kitu. Asubuhi moja ilisoma volti 12.7, nyingine 12.2. Kisha nikaifungia kila betri balbu mbili za taa za mbele za gari, wati 55 kila balbu, ambazo kwa pamoja zinakula kama ampea 9. Betri nzima ya Ah 200 ingezibeba balbu hizo kwa saa 20 hivi. Iliyo nzuri ilizibeba saa nane. Mbovu haikufika saa tatu. Na kwa kuwa zilikuwa zimeunganishwa sambamba, kila usiku mbovu ilikuwa inainyonya nzuri. Kipimo hiki hakina gharama yoyote zaidi ya balbu na siku moja ya kukaa karibu, na naona kila mwenye gari la namna hii angekifanya kabla ya kufungua pochi.

Chanzo cha kifo nilikipata kwenye waya. Aliyetufungia mfumo mwanzoni alichukua volti 12 katikati ya zile betri mbili za kuwashia, akavuta waya mwembamba mpaka nyuma ya gari. Mtindo huu upo sana kwenye Coaster na malori, hasa kwa ajili ya redio. Ubaya wake ni kwamba unachota betri moja tu kati ya mbili, lakini alteneta inazichaji zote kama kitu kimoja. Iliyochotwa haijai, na mwenzake inachajiwa kupita kiasi. Na umeme ukishapita mita kadhaa kwenye waya mwembamba, unafika nyuma umepungua nguvu, hautoshi kuijaza jeli. Juu ya hayo, gari likirudi nyumbani tulikuwa tunaliegesha chini ya mwembe ili lisipigwe jua, na paneli nazo zikawa kivulini kwa majuma. Betri za risasi, na jeli ni mojawapo, zikikaa muda mrefu bila kujaa, salfeti inaganda kwenye sahani zake na nafasi ya kuhifadhi umeme inapungua, hairudi. Ukubwa wa betri zetu ulikuwa unatosha. Zilikufa kwa njaa.

Ndipo nikaanza kuhesabu tunachotumia kwa siku. Friji, kama Ah 45, ikizidi tukiwa Pangani au Tanga. Feni, 15. Simu na kompyuta, 15. Taa na pampu ya maji hazifiki 10. Jumla Ah 80 hadi 85. Betri ya risasi, iwe ya maji au ya jeli, ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo siku mbili bila jua ningehitaji zaidi ya Ah 320 kwenye karatasi. Ya lithiamu aina ya LiFePO4 unaweza kuitumia asilimia 80 au 90 bila kuiumiza, kwa hiyo moja ya Ah 200 ingetosha kwa siku hizo hizo mbili.

Betri za maji za lori, zile N200, niliziondoa mapema kwenye orodha. Zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na zikichajiwa zinatoa haidrojeni. Sisi tunalala juu ya betri. Jeli mpya nilizifikiria kwa uzito, kwa maana zote mbili: moja ya Ah 200 ina karibu kilo 60, na mbili ni kama kubeba abiria wengine wawili kila mahali. Lithiamu ya ukubwa huo ina kilo ishirini na kitu. Bei ndiyo ilinipa tabu. Kwa pesa ya lithiamu moja ningepata jeli mbili na chenji ikabaki.

Kariakoo nilikwenda na mizani ya kupimia mabegi ya safari. Duka la kwanza walinionyesha betri nzuri kwa macho, imeandikwa Ah 200, bei imepoa. Nikaitundika: kilo 13. Huo ni uzito wa betri ya Ah 100, na stika haiongezi umeme. Nilishukuru, nikatoka. Fundi mwingine alinipa wazo la kuniungia betri kwa seli alizonazo, kwa bei nafuu zaidi. Kuna mafundi wanaoifanya kazi hiyo vizuri, lakini sikuwa na njia ya kujua seli zile zimetoka wapi wala zimetumika kiasi gani, na ile insulini ilikuwa bado kichwani mwangu.

Niliyoinunua hatimaye ina kilo 23, na ndani yake mna kifaa cha ulinzi, kile mafundi wanakiita BMS, kinachoruhusu ampea 100 mfululizo. Namba hiyo iulizeni kabla ya Ah. Inveta yetu ya wati 1000, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta karibu ampea 87 kutoka kwenye betri. Kama BMS ingekuwa ya ampea 50, betri ingejizima kila tunaposaga nyanya. Jambo la pili nililouliza ni kama inajizuia kuchajiwa kwenye baridi kali, kwa kuwa LiFePO4 ikichajiwa chini ya nyuzi sifuri inaharibika kabisa. Muuzaji alicheka, akaniuliza barafu nitaikuta wapi Tanzania. Sisi tunapenda kwenda Kitulo, juu ya mita 2,600, na Julai asubuhi nyasi zake huwa nyeupe kwa sakitu.

Kwenye kufunga ndiko pesa nyingine ilikokwenda, na sijutii hata shilingi. Ule waya wa katikati tuliung'oa. Tukafunga chaja inayopokea volti 24 za gari zima na kutoa 12 kwa ampea 30. Kizuizi cha ndani cha lithiamu ni kidogo sana kuliko cha jeli. Ukiiunganisha moja kwa moja na alteneta inaweza kuvuta mpaka alteneta iungue, na chaja hii ndiyo inayoishika mkono. Saa tatu za kuendesha zinarudisha karibu Ah 90, yaani matumizi yetu ya siku nzima. Kontrola ya sola ya zamani tuliibadilisha kwa ya MPPT, aina inayovuna umeme zaidi kutoka kwenye paneli, tukaiweka volti 14.2 za kujaza na 13.5 za kushikilia, na ile hatua ya kupandisha volti kusafisha betri za risasi tukaizima kabisa. Fyuzi ya ampea 150 imekaa kando kabisa ya nguzo ya chanya, kwani betri hii ikipata shoti haina huruma. Na tukaongeza shanti ya kuhesabu umeme unaoingia na kutoka. Testa peke yake haisaidii hapa: lithiamu inasoma kama volti 13.2 ikiwa na robo tatu, na haitofautiani sana ikiwa na nusu.

Mwaka sasa umepita. Usiku wa kawaida nyanda za juu tunalala na asilimia 100, tunaamka na 74 au 75. Pangani, kwenye joto lile, tunaamka na 65. Feni haipunguzi kasi usiku wa manane kama zamani. Friji haijazima hata mara moja. Kitulo tulilala mwezi Julai. Betri tulikuwa tumeihamishia ndani chini ya kitanda badala ya kwenye sanduku la nje, na asubuhi ilisoma nyuzi 6, ikapokea jua bila shida. Barabara ya vumbi yenye mawimbi ililegeza nati moja ya nguzo, nguzo ikaanza kupata moto. Tangu hapo nazigusa nguzo kila tunapomaliza kipande cha rafu rodi.

Yasiyonifurahisha yapo. Mara moja tuliwasha blenda huku birika ndogo ya umeme inachemka, betri ikajizima, testa ikasoma karibu sifuri. Fundi wa jirani alisema imekufa. Haikuwa imekufa, BMS ilikuwa imejifunga. Tulitoa mzigo wote, tukaipa umeme wa sola, ikaamka. Hilo lingepaswa kuandikwa kwa Kiswahili juu ya betri yenyewe, maana mtu anaweza kuitupa nzima. Programu yake ya simu nayo inakubali simu moja tu kwa wakati mmoja. Na gari likipumzika mwezi mzima natakiwa kuiacha kwenye nusu hivi na kuzima kila kitu, kinyume kabisa na jeli.

Zile za zamani niliziuza kwa mnunuzi wa betri chakavu, baada ya kumuuliza zinakwenda wapi. Najua swali hilo linawashangaza wengi. Owino Uhuru, kule Mombasa, risasi kutoka kwenye kuyeyusha betri chakavu iliingia kwenye damu za watoto, na Phyllis Omido, mama aliyelipigania jambo hilo, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Tindikali ya betri isimwagwe mtaroni, na betri isipasuliwe nyuma ya nyumba ili kutoa risasi.

Anayesafiri mara mbili kwa mwaka, na gari lake linakaa nyumbani kwenye umeme wa ukutani, ninamshauri achukue jeli nzuri, aichaji mpaka ijae kila mwezi, na pesa inayobaki anunue waya mnene. Sisi tunalala garini karibu siku mia moja kwa mwaka na tuna dawa kwenye friji, kwa hiyo ningeinunua tena kesho. Chini ya kitanda nimeacha nafasi ya betri ya pili. Itabidi iwe ya aina ileile, na zote mbili zichajiwe mpaka zijae kabla ya kuunganishwa. Kwa sasa nafasi hiyo inakaa gunia la viazi vya Njombe.