Miezi minne na Yamaha PSR-E373: yaliyonisaidia na yaliyoniumbua

Nilikinunua Kariakoo, duka moja upande wa Mtaa wa Msimbazi, na nakiri kwamba sikununua kinanda, nilinunua demo. Muuzaji alibonyeza kitufe kimoja, kinanda kikaanza kupiga chenyewe, besi humo, ngoma humo, hadi wapita njia wakasimama. Nikajiona niko jukwaani tayari. Nilipofika nyumbani Tabata nikagusa mwenyewe, ikatoka sauti ya mtu anayetafuta kiberiti gizani.

Kwa wanaotaka kujua haraka: funguo 61, sauti 622, midundo 205. Kinatumia adapta au betri sita za AA, na siku umeme ukikatika katikati ya zoezi hizo betri utazishukuru. Pedeli (ile unayoikanyaga ili sauti ivutike) na stendi havimo kwenye boksi. Uliza mapema uvutane bei ya vyote kwa pamoja, maana mimi nilirudi Kariakoo kwa ajili ya pedeli tu, na jua lile.

Wiki ya kwanza niliipoteza kwenye zile sauti 622. Mara filimbi, mara zeze, mara kwaya ya "aaa". Jioni moja kaka anayenifundisha, ambaye hupiga kanisani kwetu, alikuja, akaniangalia bila kusema neno, kisha akabonyeza kitufe kilichoandikwa Portable Grand. Kila kitu kikarudi kuwa piano tupu.

"Mdogo wangu, kaa hapa mwezi mzima."

Akawasha metronomu, kile kipima mwendo, akaishusha hadi mapigo 60 kwa dakika, akaniacha na do re mi. Mkono wa kulia, ukishagusa mi kwa kidole cha kati, gumba linapita chini yake kwenda kushika fa. Jambo dogo hilo lilinichukua siku tatu. Funguo zenyewe ni nyepesi, hazina uzito wa piano halisi, lakini zinasikia mkono: ukigusa taratibu zinanong'ona, ukigonga zinalia. Ndivyo nilivyogundua kwamba kidole changu cha pete ni kivivu. Naishi nyumba ya kupanga, kwa hiyo ikifika saa tatu usiku nachomeka hedifoni, spika zinanyamaza, nakosea ninavyotaka.

Midundo ya kujipiga ni mitamu. Unashika kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa mkono wa kushoto (si zile za TRA) na bendi nzima inakufuata. Ushauri wangu: iache kwanza. Inakufanya uonekane unajua wakati mkono wa kulia bado unatambaa.

Kitu kilichoniokoa kanisani, na kuniaibisha, ni transpozi. Hii inapandisha au kushusha ufunguo wa kinanda kizima (hapa ufunguo ni kimo cha wimbo, si zile unazobonyeza), hadi nusu toni 12 juu au 12 chini, huku vidole vyako vikibaki palepale. Waimbishaji wetu hawaulizi ufunguo. Mtu anafumba macho, anaanza wimbo pale koo lake lilipoamkia. Mimi najua do ikiwa C tu, yaani zile nyeupe. Akiangukia E-flati, iliyo nusu toni tatu juu ya C, naweka 3 juu, naendelea na nyeupe zangu. Tatizo, haina kitufe chake. Unaingia kwenye menyu ya Function na kuitafuta. Jumatano moja nikasahau kuirudisha sifuri. Mpiga besi akaingia na C yake, mimi nikasikika E-flati, ikawa kama daladala mbili zinagombea kituo. Mwalimu wangu anaiita mkongojo. Nakubali, ila ukiwa na mguu mbovu mkongojo hauutupi.

Lakini aibu kubwa ilikuwa nyingine. Siku hiyo mwalimu wangu alisafiri, nikabaki mimi. Tukaimba, tukaketi, mahubiri yakaanza na hayakuwa mafupi. Wakati wa maombi mchungaji akanigeukia na ule mkono wa "nipe kidogo kidogo". Nikaweka vidole. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Skrini nyeusi. Nikatazama waya, nikatazama soketi, jasho linashuka, na mchungaji anaendelea kunipungia mkono. Kosa halikuwa la kinanda. Kimepangwa kijizime chenyewe kisipoguswa kwa dakika 30, na hilo limo kwenye kitabu cha maelekezo nilichokuwa nimekiacha ndani ya boksi, chini ya kitanda. Dawa yake: kikiwa kimezimwa, shikilia ufunguo wa mwisho kabisa kushoto, kisha washa. Hapo hakijizimi tena mpaka ukizime mwenyewe. Ukiwa unapiga kanisani, fanya hivyo kabla hujakibeba.

Na ukiwa unawasha, ondoa mguu kwenye pedeli. Ukiwasha huku umeikanyaga, inageuka: ukikanyaga inakata, ukiachia inavuta.

Kwa anayeanza ningekinunua tena. Anayetaka kupindisha sauti juu na chini kwa gurudumu kama wale wapiga solo atafute kingine, humu halimo. Mimi sijavuka sauti kumi kati ya zile 622. Mtoto wa mwenye nyumba alikaa nacho dakika tano, akaigundua sauti ya mbwa anayebweka, na mbwa wa uani akamjibu.