ScanTailor na kurasa pacha za kitabu cha hati ya Kiarabu

Mzee wetu mmoja wa Wete alinikabidhi kitabu cha marehemu baba yake, kilichoandikwa kwa mkono kwa hati ya Kiarabu, akitaka kila mjukuu apate nakala ya kusoma kwenye simu. Duka lililotuskania liliacha kurasa mbili katika kila picha, kama kitabu kilivyofunuliwa, kwa hiyo msomaji alilazimika kuikuza picha na kuisukuma kulia na kushoto kila mstari. Nikazikata picha hizo katikati kwa programu ya simu, nikampelekea. Alitazama kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, neno la chini halipokewi."

Alikuwa na haki. Katika miswada ya aina hii, mwandishi huweka chini ya ukurasa wa kulia neno litakaloanza ukurasa wa kushoto, ili mpangilio usipotee. Programu ile ilikuwa imetanguliza upande wa kushoto, na kitabu kizima kikavurugika.

Ndipo nilipoijaribu ScanTailor, programu huria ya kompyuta isiyolipiwa, na kwa kazi hii naipendekeza bila kusita. Unapofungua kazi mpya, unakuta kisanduku cha kuweka tiki kwa vitabu vinavyosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na tiki hiyo moja ndiyo iliyomaliza tatizo la mzee. Baada ya hapo, programu inapendekeza mstari wa kutenganisha kurasa, nawe unaweza kuusogeza, hata kuulaza kidogo pale mshono wa kitabu ulipokaa upande, jambo ambalo mkato wa katikati hauwezi kulifanya bila kula herufi. Picha yenye jedwali lililotandazwa kurasa zote mbili unaiachia iwe ukurasa mmoja, bila kuzigusa nyengine.

Kunyoosha mistari na kuweka pambizo ni kazi nyepesi. Penye kuhitaji jicho ni pale programu inapochagua sehemu yenye maandishi, kwa sababu neno dogo lililo peke yake chini ya ukurasa, lile lile aliloliulizia mzee, linaweza kuachwa nje ya fremu. Pitia kila ukurasa na uivute fremu kwa mkono. Vilevile, picha za mwisho hutoka kwa rangi nyeusi na nyeupe usipobadilisha, na vichwa vya habari vya wino mwekundu vitageuka vyeusi. Chagua rangi.

Fahamu pia kwamba ScanTailor inapokea picha tu, haifungui PDF, na inatoa faili za picha za aina ya TIFF, moja kwa kila ukurasa. Kwa hiyo utahitaji programu nyengine ya kuzitoa picha kwenye PDF mwanzoni na ya kuziunganisha tena mwishoni, nami naona ni usumbufu unaostahimilika kwa kitabu ambacho nakala yake ni hiyo moja tu.